Kabla hujapogoa wala kutia mbolea, geuza jani: uzi wa kutambua na kutunza rododendroni na azalea

MLETA UZI (Argyll, Uskoti)

Wanajukwaa, salaam.

Naandika kutoka magharibi mwa Uskoti, ambako mvua haiishi na udongo una asidi kiasi kwamba rododendroni, vichaka na miti ya maua, humea kama ziko kwao. Nimeona nilete uzi huu kwa sababu wengi wetu tunaoishi Ulaya na Amerika Kaskazini tunahamia nyumba ambazo bustani zake zilikwisha kupandwa na mtu aliyetutangulia, bila kibao wala jina, kisha jambo la kwanza tunalolifanya ni kushika mkasi au mfuko wa mbolea. Hoja yangu ni moja: mmea utambuliwe kwanza. Kundi lake likishajulikana, maswali mengi ya kupogoa, kumwagilia na kupandikiza huwa yamekwisha kupata nusu ya majibu.

Tuanze na uhusiano wa mimea hii miwili. Mwaka 1753 Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliiweka katika jenasi (makundi ya spishi zenye undugu) mbili tofauti, azalea upande mmoja na rododendroni upande wa pili, akitegemea zaidi idadi ya stameni, yaani vile vijiti vyembamba ndani ya ua vinavyobeba chavua. Mwaka 1834 mtaalamu mwingine wa mimea, George Don, aliziunganisha, na tangu hapo azalea zimehesabiwa ndani ya jenasi ya Rhododendron, yenye spishi zaidi ya 1,000, nyingi zikiwa za Himalaya, kusini-magharibi mwa Uchina na visiwa vya kusini-mashariki mwa Asia. Kwa hiyo kila azalea ni rododendroni, ila si kila rododendroni ni azalea. Wauza miche wameendelea kutumia majina yote mawili, nami sioni ubaya wake, kwa kuwa kwa mtunza bustani tofauti hizo zina maana kubwa.

Sasa chukua jani lililokomaa, ligeuze, ulitazame upande wa chini kwa lenzi ya mkononi inayokuza mara 10. Ukiona vitone vidogo vya mviringo vilivyotawanyika kama magamba, vya rangi ya kahawia, fedha au manjano, basi umeshika rododendroni ya kundi la magamba. Nyingi kati ya hizi zina majani madogo, hubaki vichaka vifupi, na baadhi hutoa harufu kali jani likifikichwa kwa vidole. Rhododendron cinnabarinum, yenye maua marefu yanayoning'inia kama tarumbeta, imo humo, na pia chotara maarufu 'Praecox', ambaye hapa Uingereza huchanua mapema sana, mwezi wa pili au wa tatu, wakati ambapo baridi kali ya usiku mmoja inaweza kuunguza maua yote.

Usipoona magamba, na jani likawa pana, gumu kama ngozi na la kijani mwaka mzima, uko katika kundi la pili. Huku ndiko kuliko na majitu: Rhododendron sinogrande, ambayo jani lake huweza kuzidi sentimeta 50, na Rhododendron arboreum, mti kamili na ua la taifa la Nepal. Baadhi yao wana utando wa manyoya laini chini ya jani, mweupe, wa rangi ya mdalasini au wa kutu. Huo si ugonjwa wala ukungu, tafadhali usiusugue. Rhododendron yakushimanum, mzaliwa wa kisiwa cha Yakushima nchini Japani, ina manyoya hayo hata juu ya majani machanga, na ndiyo sababu kichaka chake huonekana cheupe kwa wiki kadhaa baada ya maua kwisha. Mwaka 1934 Koichi Wada, mwotesha miche wa Japani, alituma miche miwili ya spishi hiyo kwa Lionel de Rothschild, mwenye bustani ya Exbury, kusini mwa Uingereza, na machotara wengi wafupi wanaouzwa leo kwa bustani ndogo wana damu yake. Kwa mwenye kiwanja kidogo, mimi ningemshauri aanzie hapo kuliko kuhangaika na majitu.

Kundi la tatu ndilo la azalea. Majani yake ni membamba na laini zaidi, hayana magamba, na mara nyingi yana vinyweleo vilivyolala juu ya mshipa wa kati. Zinagawanyika pande mbili. Kuna zinazopukutisha majani yote wakati wa kipupwe, kama Rhododendron luteum yenye maua ya manjano na harufu nzuri mno, na kuna zinazobaki na majani, ambazo asili yake ni Japani, Uchina na nchi jirani. Azalea za Kurume, zenye maua madogo mengi yanayofunika kichaka chote, zilipata umaarufu Marekani baada ya Ernest Wilson, mkusanyaji wa mimea, kuchagua aina 50 huko Kurume, Japani, nazo zikafika Marekani mwaka 1919. Za Satsuki huchelewa kuchanua, na Wajapani huzipenda kwa bonsai.

Mtaambiwa kwamba azalea ina stameni 5 na rododendroni ina 10 au zaidi. Kanuni hiyo inasaidia, lakini msiitegemee peke yake. Rhododendron simsii, mzazi mkuu wa azalea za vyungu zinazouzwa madukani wakati wa Krismasi, kwa kawaida ina stameni 10, na Rhododendron schlippenbachii ya Korea, ambayo ni azalea ya kupukutisha majani, nayo ina 10. Ndiyo maana nasisitiza jani kwanza, ua baadaye. Isitoshe jani lipo karibu mwaka mzima, na ua hukaa wiki chache tu.

Kwa nini yote haya yana uzito? Chukueni suala la kupogoa. Azalea na zile za magamba zina macho mengi yaliyolala kando ya matawi, hivyo ukikata kwa kiasi zitachipua. Miongoni mwa zile za majani makubwa, tazama gome. Zenye gome la kukwaruza, kama arboreum, huweza kuchipua hata zikikatwa karibu na ardhi, ilhali zenye gome laini linalobanduka kama karatasi, kama Rhododendron thomsonii, mara nyingi hazichipui tena, na mtu aliyekata kwa nia njema anaua mti ulioishi miaka mingi kuliko yeye. Na kwa makundi yote, kazi hiyo hufanywa mara tu maua yanapokwisha, kwa sababu matumba ya mwaka unaofuata huanza kujengeka katika kiangazi kilekile. Anayepogoa kati ya mwezi wa tisa na wa kumi anakata maua ya mwakani.

Nimalizie bandiko hili kwa mmea mmoja ambao ni lazima kila mtu wa Uingereza na Ireland aujue: Rhododendron ponticum. Uliletwa Uingereza karibu mwaka 1763, ukapandwa katika mashamba ya mabwana kama kificho cha ndege wa kuwindwa, kisha ukavamia misitu, hasa ya magharibi, ukifunika ardhi kwa kivuli kizito kiasi kwamba miche ya miti mingine haioti. Una maua ya zambarau iliyopauka na majani ya kijani kilichokolea, laini pande zote mbili, bila manyoya wala magamba. Zamani ulitumika sana kama shina la kubebeshea machotara wa bei. Kwa hiyo ukiona kichaka chenye maua mekundu juu na ya zambarau yanayochomoza chini, elewa kwamba shina la chini limeanza kuchipua na litaumeza mmea uliobebeshwa. Chimbua hadi mahali chipukizi linapotokea, ulinyofoe kwa mkono badala ya kulikata, maana ukikata yatarudi mengi zaidi.

MKAZI WA READING

Ndugu mleta uzi, ahsante kwa somo. Mimi niko kusini mwa Uingereza, ambako chini ya bustani zetu kuna chokaa na maji ya bomba huacha utando mweupe ndani ya birika. Nina rododendroni ya majani mapana, haina magamba, nimeithibitisha leo. Majani yake machanga yanakuwa ya manjano huku mishipa ikibaki ya kijani. Nimetia mbolea ya kawaida ya bustani na hali haikubadilika. Je, niiongeze?

MKAZI WA LIMURU

Salaam kutoka Limuru. Huku kwetu majirani kadhaa wana azalea zilizobaki tangu enzi za walowezi, karibu na mashamba ya chai, na huchanua vizuri. Ningependa kujua kama inawezekana kupanda hizi rododendroni kubwa za Himalaya, na kama ni salama kwa mtu anayefuga mbuzi na nyuki.

MLETA UZI

Nianze na ndugu wa Reading, kwa kuwa tatizo lake ndilo linaloua mimea hii kuliko ugonjwa wowote.

Usiongeze mbolea. Mmea wako hauna njaa ya kawaida. Umezungukwa na chuma usichoweza kukifyonza. Rododendroni na azalea ni za familia ya Ericaceae, na karibu zote zinataka udongo wenye pH (kipimo cha asidi: namba ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi) ya 4.5 hadi 6. Chokaa inapopandisha pH, madini ya chuma katika udongo hubadilika kuwa katika hali isiyoyeyuka majini, mizizi ikashindwa kuyachukua, na kwa kuwa chuma hakihami kutoka majani ya zamani kwenda machanga, ni majani ya juu yanayogeuka manjano kwanza. Ungeona manjano ikianzia kwenye majani ya zamani, ningekuambia jambo tofauti, pengine upungufu wa naitrojeni.

Kwa udongo uliokaa juu ya mwamba wa chokaa, sioni faida ya kupigana nao. Salfa hushusha pH polepole kwa msaada wa bakteria, lakini chokaa iliyo chini haikomi kuyeyuka na kupanda. Panda katika chungu kikubwa, au katika kitalu kilichoinuliwa chenye udongo maalumu wa mimea ya asidi, na ukinge maji ya mvua kutoka paani katika pipa. Maji ya bomba ya eneo lako, hata ukiyatumia kwa uangalifu, yanamwaga chokaa kila siku. Kwa sasa, ili mmea usizidi kudhoofika, mpe chuma kilichofungwa katika umbo la kelati, ambacho huuzwa katika maduka ya bustani, kisha uuhamishe majira ya kupukutika majani yakianza. Usiogope kuuhamisha: mizizi yake ni myembamba kama nywele, imekaa karibu na uso wa ardhi na hushikana kuwa donge moja, kwa hiyo hata kichaka cha umri mkubwa huinuliwa na donge lake bila kujua kwamba kimehama.

Mizizi hiyo hiyo ndiyo inayoeleza kanuni za upandaji. Haina nguvu ya kupenya udongo mzito wa mfinyanzi, haivumilii kukauka, na inaoza ikituamiwa na maji. Shimo liwe pana badala ya kuwa na kina, na sehemu ya juu ya donge iwe sawa na uso wa ardhi au iinuke kidogo. Ukiuzika mmea chini ya hapo utadhoofika mwaka baada ya mwaka bila sababu kuonekana. Usipalilie kwa jembe karibu na shina. Weka matandazo ya magome ya msonobari, sindano za msonobari au majani ya mwaloni yaliyooza, unene wa sentimeta 5 hadi 8, yasiguse shina. Majivu ya kuni, unga wa mifupa na mboji iliyotumika kuoteshea uyoga vina chokaa, basi viende kwenye kabichi. Katika mizizi hiyo wanaishi kuvu rafiki wanaousaidia mmea kupata naitrojeni kutoka katika mabaki ya majani, nami naamini matandazo mazuri yanafanya kazi kubwa kuliko mbolea yoyote ya mfukoni.

Ndugu wa Limuru, swali lako limenifurahisha, kwa sababu chai ni kipimo kizuri cha udongo. Chai nayo hupenda pH ya kati ya 4.5 na 5.5 hivi, kwa hiyo palipo na chai yenye afya, azalea haitalalamikia udongo. Kinachobaki ni hali ya hewa. Azalea za kijani mwaka mzima zitokanazo na simsii huridhika na ubaridi wa milima yenu. Zile za kupukutisha majani, pamoja na machotara wa majani mapana waliozaliwa kwa ajili ya Ulaya, zinategemea kipupwe cha kweli ili zilale na matumba yake yafunguke kwa pamoja, na sitakushauri utumie fedha zako huko.

Lakini kuna tawi la jenasi hii ambalo naona lingewafaa watu wa nyanda za juu kuliko yote: rododendroni za kitropiki, ziitwazo vireya, spishi takribani 300 za Borneo, New Guinea, Ufilipino na visiwa vya jirani, na Rhododendron lochiae ya Queensland, Australia. Nyingi huota milimani penye ukungu, baadhi zikiwa zimekaa juu ya matawi ya miti mingine kama okidi, na haziwezi kustahimili jalidi. Zina magamba chini ya jani, maua ya rangi ya chungwa, manjano, nyekundu au nyeupe, na hazingoji msimu mmoja wa kuchanua. Zinahitaji mchanganyiko unaopitisha maji upesi, wenye vipande vya magome, si udongo mzito. Ukipata mbegu au miche, fuata kanuni za karantini za Kenya. Usibebe mmea katika begi, kwa sababu nitaeleza hapa chini ugonjwa uliosafiri kwa njia ya miche.

Kuhusu mbuzi: ni hatari, na sisemi kwa kukuogofya. Majani, maua na nekta za spishi nyingi zina sumu iitwayo grayanotoksini, na mbuzi na kondoo hufa kwa kula majani ya kutosha. Mimea izungushiwe wigo, na matawi yaliyokatwa yasitupwe zizini. Nyuki nao, mahali ambapo ponticum na luteum zimetawala, huweza kutengeneza asali ya kulevya. Mwaka 401 kabla ya Kristo askari wa Xenophon, kamanda wa Kigiriki, waliila karibu na Trabzon ya leo, katika Uturuki, wakaanguka kwa kutapika na kupoteza fahamu kisha wakapona baada ya siku chache. Vichaka vichache vya azalea katikati ya maua mengine ya Limuru havitafikia kiwango hicho.

MKAZI WA DAR ES SALAAM

Mkuu, huku Dar wauza maua wa barabarani wananiuzia mmea wenye shina nene kama chupa na maua ya waridi, na mmoja ameniambia ni azalea. Unaishi juani kabisa na hauhitaji maji mengi. Je, ni aina mojawapo?

MLETA UZI

Hapana, ndugu yangu. Huo kwa maelezo yako ni Adenium obesum, ambao wengi huuita waridi la jangwani, mmea wa Afrika Mashariki na Uarabuni kabisa, hata milima ya Dhofar nchini Oman unapatikana. Ua lake lina umbo la faneli na ncha tano, ndiyo sababu watu hulifananisha na azalea, lakini familia ni nyingine: ni ndugu wa oleanda wa bustanini. Kata jani utaona utomvu, na utomvu huo ni sumu iliyotumika kupaka mishale, basi nawa mikono. Matunzo yake ni kinyume cha yote niliyoandika: jua kali, mchanga unaopitisha maji, ukavu. Ukiufuata uzi huu utauozesha. Joto la Dar halifai azalea ya kudumu, nami ningekuomba ubaki na huo ulio nao, ni mmea mzuri sana.

MWANAFUNZI WA KILIMO, MOROGORO

Naomba ufafanuzi wa mambo mawili. Kwanza, kwa mtu wa Lushoto au Mufindi mwenye azalea, mbolea gani kati ya zile zinazopatikana kwa mawakala wetu inafaa? Pili, umesema utaeleza magonjwa.

MLETA UZI

Kuhusu mbolea, mimea hii hupendelea naitrojeni ya amonia kuliko ya naitreti. Kwa hiyo SA (salfeti ya amonia) inakubalika, kwa kiasi kidogo sana, ikinyunyizwa juu ya matandazo baada ya maua kwisha na kumwagiliwa hapohapo. CAN (naitreti ya amonia yenye kalisi) isitumike, kwani ina kalisi, na kalisi ndiyo tunayoikimbia. Mizizi ya nywele huungua upesi, hivyo ukisitasita kuhusu kipimo, punguza. Samadi mbichi ya kuku usiikaribishe.

Kuhusu magonjwa nitataja yale ya kutambua kwa macho. Matumba yanayokauka bila kufunguka, yakawa ya kahawia na kuota vinywele vyeusi kama vichwa vya pini, yameshambuliwa na kuvu ambaye huingia kupitia majeraha, na hapa Uingereza anahusishwa na mdudu mrukaji wa kijani mwenye mistari myekundu anayetaga ndani ya matumba. Yavunje uyachome. Majani yaliyotafunwa kingoni kwa pengo za nusu mviringo ni kazi ya fukusi wa usiku. Majani yenyewe hayaumii sana, lakini mabuu wake hula mizizi, na katika chungu wanaweza kuumaliza mmea. Hapa sisi hutumia nematodi (minyoo midogo sana inayoua mabuu) wa kumwagilia, mwishoni mwa kiangazi udongo ukiwa bado na joto. Uvimbe wa kijani uliopauka au mweupe kwenye majani ya azalea husababishwa na kuvu wa Exobasidium. Unyofoe kabla haujafunikwa na unga mweupe, kwa maana unga huo ndio mbegu zake.

Majani yanayojikunja kama sigara na kuning'inia asubuhi ya baridi kali si ugonjwa. Mmea hujikinga, na hunyooka joto likirudi.

Ulio mzito kuliko yote ni ule wa Phytophthora ramorum, kimelea kinachofanana na kuvu. Uligunduliwa Uingereza mwaka 2002 katika miche ya biashara, ukapata makao katika vichaka vya ponticum, ambavyo hutoa vimelea vingi kutoka kwenye majani, na mwaka 2009 ukathibitishwa katika misonobari ya lachi ya Kijapani kusini-magharibi mwa Uingereza, ambayo tangu hapo imekatwa kwa maeneo makubwa. Katika rododendroni dalili yake ni doa la kahawia iliyokolea linaloanzia kwenye kikonyo na kufuata mshipa wa kati wa jani, tofauti na ukavu wa kawaida unaoanzia kingoni. Ukiliona ukiwa Uingereza, usikate wala kuhamisha chochote. Toa taarifa kwa wakaguzi wa afya ya mimea, na usafishe viatu vyako kabla ya kutoka hapo.

Mwenye mmea asioufahamu na aweke hapa picha tatu: upande wa juu wa jani, upande wa chini kwa karibu, na gome la shina. Picha ya ua pekee hainitoshi.